Gemu mia kadhaa, na hakuna inayoninasa

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Moshi, Majengo, nina miaka 29, nafanya kazi kwenye ofisi inayopeleka wageni mlimani. Gemu nimeanza utotoni kwenye mabanda. Mwaka 2019 nilikuwa na PS4 ya mtumba na CD tatu tu. Zote nilizimaliza, moja nikairudia mara mbili. Mwaka jana kaka yangu anayeishi nje aliniletea Xbox Series S pamoja na kifurushi cha gemu cha kulipia kila mwezi, analipa yeye kwa kadi yake. Zimo gemu mia kadhaa, na nyingine mpya zinaingia siku ileile zinapotoka. Nikasema sasa nimefika. Lakini tangu Januari nimehesabu: nimeanza gemu 31, nimemaliza 2. Hata zile ambazo dunia nzima inazisifia nacheza dakika arobaini, naona kawaida, nazima. Mke wangu ameshaanza kuniuliza, "Sasa wewe hapo unacheza au unachagua?" Je, ni umri, gemu za siku hizi ni mbovu, au ni hiki kifurushi? Nikate? Halafu pedi yangu inavuta kushoto yenyewe, nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Shemeji ameuliza vizuri kuliko wewe, kwa hiyo nitaanza na lake: hapo huchezi, unachagua. Na anayechagua kila siku huchoka kama anayefanya kazi, huku hana cha kuonyesha.

Umri tuuweke pembeni. Miaka 29 ni ya kuanza kuota kitambi, bado si ya kuchoshwa na gemu. Nina mteja mmoja wa Sakina, hapa Arusha, ana wajukuu, na bado ananipigia saa nne usiku kuniuliza jitu fulani la mwisho linapigwaje. Gemu mbovu nazo zilikuwepo tangu enzi za kaseti, ila tumezisahau, tunazikumbuka nzuri tu halafu tunasema zamani kulikuwa na gemu. Wewe umebadilishiwa mlango. Zamani ulilipa mlangoni ndipo ukaingia. Sasa mlango uko wazi, na mtu ambaye hakulipa kiingilio hukaa karibu na mlango.

Nikupe kisa. Mwaka 2006 nilikuwa na banda la gemu Ngarenaro: PS2 mbili, TV mbili za chogo, benchi la mbao na pazia zito la kuzuia jua. Nusu saa ilikuwa shilingi 200. Wengi walikuja kupiga mpira, lakini kulikuwa na dogo mmoja wa darasa la sita, anakuja na sare za shule, memori kadi, ile inayohifadhi pale alipofika kwenye gemu, kaificha ndani ya soksi ili nyumbani wasiione. Huyu mpira hakuutaka. Alitaka Resident Evil 4, ambayo kwenye PS2 ilikuwa haijamaliza hata mwaka.

Walioicheza wanaukumbuka mwanzo wake. Unafika kijijini, wanakijiji wanakushukia na mashoka na uma za shambani, unakimbilia ndani ya nyumba, unasukuma kabati kuziba mlango, halafu unasikia msumeno wa mashine unawashwa nje. Mwenye msumeno kavaa gunia kichwani. Akikufikia hakuna mjadala. Siku ya kwanza dogo alikufa mara kumi na moja, nilizihesabu kwa sababu kila akifa benchi zima lilikuwa linahesabu naye. Nusu saa ikaisha. Akachomoa kadi yake, akairudisha kwenye soksi, akatoka bila kuaga.

Kesho yake akarudi na mia mbili nyingine. Keshokutwa hakuonekana, nadhani hela ilikosekana. Siku ya nne akarudi, akapanda juu ya paa, akashuka upande wa pili, akazunguka zunguka na risasi tatu mkononi, mara kengele ya kanisa ikalia. Wanakijiji wakadondosha silaha zao, wakageuka, wakaondoka taratibu kama watu walioitwa ibadani. Banda lilipiga kelele mpaka mama wa genge jirani akaja kuchungulia kuna nini. Dogo mwenyewe hakusema kitu. Alikuwa anatabasamu na jasho linamtoka.

Sasa huyo dogo mpe orodha yako ya gemu mia kadhaa. Anakufa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anabonyeza kitufe cha katikati, anarudi kwenye orodha. Kengele hataisikia. Na ukimuuliza atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba Resident Evil 4 ni ya kawaida.

Watafiti walilipima jambo hili kabla hata ya vifurushi vya gemu kuzaliwa. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walichapisha jaribio lao la tiketi za ukumbi wa maigizo. Watu waliofika kununua tiketi ya msimu mzima waligawanywa kwa bahati nasibu bila kujua. Baadhi waliuziwa kwa bei kamili, dola 15. Wengine walipunguziwa dola 2, wengine dola 7. Maigizo ni yaleyale, waigizaji walewale. Nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi kuliko waliopunguziwa. Nusu ya pili tofauti ikafifia, maana na maumivu ya hela yana muda wake.

Vitabu vya uchumi vinaliita hilo kosa. Hela imeshakwenda, harudi mtu wala shilingi, kwa nini ujilazimishe? Ni kama kumaliza maharage yaliyochacha kwa sababu uliyanunua. Nakubali, kwenye maharage ni kosa. Kwenye gemu mimi naona kosa hilo lilikuwa linatusaidia, kwa sababu gemu nyingi nzuri hufunguka polepole. Chukua Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018. Karibu saa mbili za kwanza upo kwenye theluji, farasi anazama mpaka magotini, watu wanaongea kwa huzuni, hakuna kubwa linalotokea. Nilinunua CD yake kwa hela niliyokuwa nimeitenga kwa matairi ya pikipiki. Unafikiri ningeizima kwenye theluji? Nilivumilia, ikafika siku nashuka bondeni, majani ya kijani, jua, na hapo ndipo nikaelewa theluji ilikuwa ya nini. Gemu hiyohiyo iliingia Game Pass, kifurushi cha Xbox, Mei 2020, ikaondolewa Septemba mwaka huohuo. Mpwa wangu aliijaribu kipindi hicho kwenye mashine ya rafiki yake. Akaniambia, "Mjomba, ile gemu ya baridi? Inaboa." Hakufika bondeni.

Kwako kuna jambo la ziada ambalo umelitaja kwa kupita tu: analipa kaka yako. Yaani hata yale maumivu madogo ya kila mwezi huyapati. John Gourville na Dilip Soman, katika utafiti wao wa mwaka 1998, waliangalia wanachama wa kituo cha mazoezi waliokuwa wanalipa ada mara mbili kwa mwaka. Mahudhurio yalipanda mara tu baada ya kulipa, kisha yakateremka mwezi hadi mwezi, mpaka bili nyingine ilipokuja yakapanda tena. Hela ikisahaulika, na kitu kinasahaulika. Wewe huna hata cha kusahau, kwa sababu haikutoka mfukoni mwako.

Hapo kwenu Moshi nenda soko la mitumba la Memorial siku ambayo mabelo yamefunguliwa. Mwenye elfu kumi mfukoni anachambua nguo hivi: anaigeuza, anaivuta mshono, anaipima kifuani, anaiacha, anaenda mita ishirini, anairudia. Akiinunua ataivaa mpaka ipauke, na ataisimulia. Halafu mwambie mwingine kwamba kaka yake ameshalipa belo zima, achukue anachotaka. Atajaza mfuko, na Jumapili atavaa ileile fulana ya zamani.

Kuhusu wingi wenyewe, nisikudanganye kwamba wingi daima unaua hamu. Kuna jaribio maarufu la jamu, la Sheena Iyengar na Mark Lepper, lililochapishwa mwaka 2000. Kwenye duka moja huko California waliweka meza ya jamu aina 24, wakati mwingine aina 6 tu. Meza ya 24 ilisimamisha asilimia 60 ya wapita njia, ya 6 asilimia 40. Lakini walioonja kwenye meza ya 24 walionunua ni asilimia 3 tu, na kwenye meza ya 6 ni asilimia 30. Jaribio hilo limesimuliwa kila mahali kana kwamba ni aya ya msahafu. Mwaka 2010 wakaja watafiti wengine, wakakusanya majaribio 50 ya aina hiyo, wakakuta kwa wastani athari ya wingi inakaribia sifuri: mahali pengine unadhuru, pengine unasaidia. Kwa hiyo namba peke yake siilaumu. Sisi tuliokulia kwenye kaseti za njano zilizoandikwa gemu 9999999 ndani ya moja tunajua hilo. Ukihesabu kwa kweli zilikuwa hazifiki ishirini, nyingine zimebadilishwa jina tu, na bado tulikuwa tunaganda kwenye Contra mpaka umeme unakatika.

Kinachodhuru, kwa ninavyoona, ni kwamba ukiwa na orodha ile hushindanishi gemu uliyoishika na gemu nyingine uliyoicheza. Unaishindanisha na zile ambazo bado hujazifungua. Na gemu ambayo haijafunguliwa haijawahi kumboa mtu.

Nililiona hili kwa macho yangu nilipofungua tena banda dogo miaka michache iliyopita. TV moja niliiwekea gemu nne tu, nyingine nikaiunganisha na akaunti yenye orodha ndefu, nikijua hiyo ya pili ndiyo itakayoniletea wateja. Kweli walikuja. Wanakaa, wanashusha orodha, wanapandisha, wanatazama picha, mmoja anasema hii, mwingine anasema subiri kwanza, muda unakwenda na ni wa kulipia. Mwisho wanaishia kwenye mpira. Karibu kila mara. Kwenye TV ya gemu nne ndiko kulikokuwa na kelele.

Halafu kuna kungoja, ambako watu wengi hawakuhesabu kama sehemu ya gemu. PlayStation Plus, kifurushi cha Sony wenye PlayStation, ilianza mwaka 2010, EA Access ya kampuni ya EA ikaja 2014, lakini vifurushi hivyo kwa muda mrefu vilihusu zaidi gemu za zamani kidogo. Game Pass ilizinduliwa Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi, na mwezi Machi 2018 Sea of Thieves ikawa ya kwanza kati ya gemu za Microsoft wenyewe, wenye Xbox, kuingia humo siku ya kutoka. Sony kwa gemu zake kubwa hafanyi hivyo. Unanunua kwanza, kifurushini inakuja baadaye. Hata mpira uko hivyo: EA Sports FC 24 ilitoka Septemba 2023, kwa wenye PlayStation Plus ikafika Mei 2024, ligi zinaelekea ukingoni.

Sisi CD ilikuwa inakuja na basi kutoka Dar. Kabla haijafika, kijiwe kizima kimeshaongea wiki mbili: fulani ana picha yake kwenye gazeti, fulani binamu yake kaiona Nairobi. Ikifika, wote tuko ukurasa mmoja, ukikwama leo kuna mtu alipita hapo jana. Raha nyingi tuliyodhani inatoka kwenye gemu ilikuwa inatoka kwenye benchi. Wewe mwezi huohuo unacheza hii, rafiki yako anacheza nyingine, wa tatu ameshaanza na kuacha tano. Mkikutana mnaongea nini? Mnaongea kifurushi chenyewe: nini kimeingia, nini kinatoka.

Hapo sasa lazima nijikwaze mwenyewe, maana wapo wasomaji watakaonikumbusha. Hi-Fi Rush ilitangazwa na kutoka siku moja, tarehe 25 Januari 2023, moja kwa moja kwenye Game Pass. Hakuna aliyeingoja, hakuna kijiwe kilichoijadili, na watu waliipenda sana. Clair Obscur: Expedition 33, ya kampuni ndogo ya Ufaransa, ilikuwa kwenye Game Pass tangu siku ya kwanza Aprili 2025, na bado ilinunuliwa na mamilioni ya watu, ikaishia kuwa gemu ya mwaka kwenye The Game Awards. Kwa hiyo kifurushi hakiwezi kuua gemu iliyokamata watu dakika ya kumi. Zinazoumia ni zile za theluji, zinazohitaji umpe mwenye gemu saa mbili za imani kabla hajakuonyesha kitu.

Na zipo raha ambazo bila kifurushi usingezipata kabisa. Nyumbani kwangu mtu aliyemaliza gemu nyingi mwaka ule nilipokuwa nalipia si mimi, ni mama watoto, ambaye hajawahi kupenda gemu. Alipita sebuleni akanikuta nimefungua Unpacking, ya Waaustralia, iliyotoka Novemba 2021. Kazi yake ni moja: unatoa vitu kwenye maboksi baada ya kuhama, unavipanga. Msichana mmoja anahama tangu mwaka 1997 mpaka 2018, humwoni sura, unaona vitu vyake tu. Mama watoto akasimama nyuma yangu akasema, "Sufuria haiwekwi hapo." Akanipokonya pedi. Akafika ile nyumba ambayo msichana anahamia kwa mwanamume, na cheti chake cha chuo hakina mahali pa kutundikwa, kila ukuta umejaa mambo ya yule bwana. Akakijaribu jikoni, akakijaribu chooni, mwisho gemu ikakubali kukiweka chini ya kitanda tu. Akaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa vizuri, akaendelea kupanga. Akaimaliza usiku uleule. Ningeingia dukani nikatoa hela nzima kununua gemu ya kupanga vyombo? Hata siku moja.

Gemu fupi ndiyo riziki ya kifurushi: za saa nne, tano, sita. Stray, ile ya paka, iliingia PlayStation Plus siku ilipotoka, Julai 2022, na mtu anaimaliza wikiendi moja. Zile ndefu za saa sitini, kama kweli unazitaka, nashauri uzinunue hata kama zimo kwenye orodha. Najua inaonekana uwendawazimu kununua kitu ambacho unacho. Lakini ukinunua utaicheza.

Na hesabu ya hela haiko mbali hivyo. Kifurushi kikubwa cha Game Pass kilipandishwa Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi elfu sabini. Kwa bei hiyo, mwaka ni karibu dola 360, bei ya gemu mpya tano za dola 70. Wewe tangu Januari umemaliza mbili. Kama kaka yako angekutumia hiyo hela uchague gemu tano tu kwa mwaka, nadhani usingeniandikia.

Basi nikate au nisikate? Usikate, kifanye cha msimu. Hakuna kinachokulazimisha kulipia miezi kumi na miwili mfululizo, na ukisitisha, pale ulipofika kwenye gemu hapafutwi, utapakuta siku ukirudi. Kazi yako ni ya mlima. Aprili na Mei masika yakipiga wageni wanapungua, Novemba hivyohivyo. Mwambie kaka akulipie miezi hiyo tu, na akikubali, umrudishie japo nusu kwa simu. Siyo kwa sababu ana shida. Nataka itoke mfukoni mwako. Miezi ya wageni wengi unarudi nyumbani umechoka, huna haja na gemu mia kadhaa za kukutazama. Cheza moja uliyoinunua.

Ukishalipia, futa. Kama Series S yako ni ile ya GB 512, nafasi unayopewa ni kama GB 364, kwa hiyo gemu kubwa tatu au nne zinaijaza. Wewe usingoje ijae. Bakisha mbili: moja ndefu, moja fupi. Kwa bando za kwetu, kushusha gemu ya GB mia ni kazi ya usiku kucha na hela yake inauma, na hapo kwa mara ya kwanza nitalisifia bando, maana ndilo kiingilio ulichobakiwa nacho. Chagua Alhamisi ukiwa kazini, kwa kusoma na kuuliza watu, halafu iache ishuke usiku. Ijumaa ukikaa usifungue orodha kabisa. Ukiifungua umekwisha.

Gemu ndefu ipe usiku tatu. Siyo saa tatu za mfululizo, usiku tatu, kwa sababu ya pili utakuwa umeiwaza ukiwa kwenye daladala, na kuiwaza huko ndiko kunakofanya ya tatu iwe tamu. Baada ya hapo kama haijakunasa iache bila kujilaumu. Hizo 29 ulizoziacha usizirudie kwa hasira pia. Nyingi hazikuwa zako, ulizifungua kwa sababu zilikuwepo.

Tarehe za kuondoka zitumie. Huduma hizi hutangaza mapema gemu zipi zinatoka, na GTA V imeshaingia na kutoka Game Pass zaidi ya mara moja. Wengine wanachukia, mimi naona gemu iliyobakiza wiki mbili ina heshima yake: ukiiacha leo, huenda kesho hutaikuta.

Na mtafute mtu mmoja hapo Majengo au ofisini mkubaliane gemu moja, mwezi mmoja. Hata kama hamchezi pamoja. Mkwame mahali pamoja. Ukikosa mtu, shemeji yupo, na kwa swali alilouliza anaonekana anafuatilia kuliko unavyodhani. Mpe pedi achague yeye.

Tukija kwenye hiyo pedi. Kuvuta kushoto mara nyingi ni vumbi au kulika kwa vihisi vilivyo chini ya kijiti, vinavyoiambia mashine umesukuma wapi. Anza na vumbi. Zima, toa betri, sukuma kijiti upande mmoja, dondoshea tone moja la spiriti ya isopropili pembeni, kizungushe kama dakika moja, acha ikauke vizuri kabla ya kurudisha betri. Usitumie spiriti ya vidonda iliyotiwa rangi, wala mafuta ya cherehani, nimeletewa pedi zinanata kama sambusa. Ikiendelea kuvuta, kijiti kimelika na kinabadilishwa kwa kuchomelea. Ni miguu midogo mingi kwenye bodi, siyo kazi ya kujifunzia kwenye pedi yako ya pekee. Ukiamua kuifungua mwenyewe, tafuta bisibisi ya nyota T8 yenye tundu katikati. Ukibandua vifuniko vya mishikio utaona skrubu nne, ya tano imejificha chini ya stika, ndani ya sehemu ya betri. Wengi hawaijui, wanavuta kwa nguvu mpaka ganda linapasuka. Ikishindikana, ifunge kwenye boksi, andika namba yako ya simu juu, mpe kondakta wa basi la Arusha. Betri baki nazo.